Okapi ya mfukoni: kisu kilichochukua jina la mnyama wetu

Wasikilizaji wetu wa Kindu, na ninyi ndugu mliofika hapa mkikimbia vita, kuna swali ambalo limerudi mara nyingi kwenye simu ya redio tangu tulipofanya kipindi juu ya vitu ambavyo familia inachukua inapokimbia. Siku ile tulitaja sufuria, kadi ya uchaguzi, vitabu vya shule, bulangeti, nguo za mtoto. Watu wakatupigia: mbona hamkutaja kisu? Mama mmoja aliyetoka upande wa Shabunda alisema kwa kifupi: "Sufuria niliachaka. Kisu, hapana."

Kesho yake papa mmoja wa komini ya Kasuku akapiga simu naye. Alisema hakatai kisu cha jikoni. Anachokataa ni vile visu vya kukunja, vile watu wanaviita Okapi. Kijana deplase anatembea na Okapi mfukoni usiku, anatafuta nini? Tangu hapo mazungumzo hayajaisha. Nami kwa macho yangu nimeona vijana wawili wamekalishwa chini kwenye barieri moja, nje ya mji, kwa sababu ya kisu kama hicho. Mmoja alikuwa na mzigo wa makaa kwenye baiskeli, na kisu kilikuwa cha kukatia mpira wa kufungia magunia. Waliachiliwa jioni, kisu hakikurudi.

Kabla ya kusema kisu hiki ni cha kazi au cha vita, ni vizuri tujue kimetoka wapi. Historia yake inapita hapa Maniema zaidi ya mara moja, tena kwa njia ambayo wengi hawaidhanii.

Wazee wetu hawakukunja kisu. Walikivaa. Katika nchi yote hii, kutoka msitu wa Walega mpaka kwa majirani zetu Wasongye, mhunzi alikuwa mtu wa heshima na wa kuogopwa kidogo. Aliyeyusha mawe ya chuma katika tanuru ya udongo, mvukuto ukipuliza, na kutoka pale yakatoka majembe, mikuki, shoka na visu. Kisu cha mwanamume kilikaa katika ala, kiunoni au begani, na kila mtu alikiona. Kwa mpini wake na umbo la bapa lake watu walijua huyu ni wa wapi na ana cheo gani. Wasongye walifanya shoka za wakubwa zenye vichwa vidogo vya watu katika chuma chenyewe na mpini uliofunikwa shaba. Hizo hazikukata kuni hata siku moja. Kwa Walega, katika Bwami, kulikuwa na visu vidogo vya pembe ya tembo ambavyo havikati kitu chochote, vilikuwa vya mafundisho. Na ukishuka mto kupita Kisangani, kwa Walokele na Watopoke, chuma kilipigwa kwa umbo la ncha ya mkuki, kirefu kupita mtu mzima, nacho kilikuwa feza ya kulipia mahari. Kiliitwa liganda. Kwa hiyo chuma chenye makali, kwetu, kilikuwa kazi, cheo, mafundisho na mali. Kilikuwa pia silaha, ndiyo, lakini silaha inayoonekana.

Mzee mmoja wa Alunguli aliniambia jambo hilo kwa maneno machache kuliko yangu: "Kisu yenye iko inje, unaiona. Yenye iko mufukoni, unaota tu."

Katika soko la Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba, vitu vya chuma viliuzwa pamoja na samaki, chumvi, mawese na vyungu. David Livingstone alikaa pale mwaka 1871 na kuandika juu ya soko hilo, maelfu ya watu, wengi wao wanawake waliovuka mto kwa mitumbwi. Tarehe 15 Julai mwaka huo aliona watu wa wafanyabiashara wakifyatua bunduki katikati ya soko. Mamia walikufa, kwa risasi na kwa maji. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha ni kitu gani kiligeuza nchi. Ilikuwa bunduki, na sababu ya bunduki ilikuwa pembe za ndovu na watumwa.

Sasa tufuate hizo pembe. Tippu Tip, ambaye jina lake kila mtoto wa Kasongo analijua, alikusanya pembe za Maniema na kuzipeleka pwani juu ya mabega ya watu, miezi na miezi ya njia, mpaka Zanzibar. Kutoka Zanzibar zilipanda meli. Zilikwenda kuwa nini? Tumezoea kusikia juu ya vibao vya piano na mipira ya biliadi, na ni kweli. Lakini kuna kitu cha tatu: mipini ya visu. Mji wa Sheffield, Uingereza, ulikuwa na viwanda vya visu vya meza na visu vya kukunja vya mfukoni, na visu vya watu wenye mali vilivikwa pembe za ndovu. Kampuni ya Joseph Rodgers ilijulikana kwa ghala lake la pembe, na wageni walipelekwa kulitazama. Pembe za Zanzibar zilikuwa katika biashara hiyo, na sehemu kubwa ya pembe za Zanzibar ilitoka huku kwetu. Yaani, kabla Maniema haijawa na visu vya kukunja mfukoni, Maniema ilikuwa tayari ndani ya visu vya kukunja vya mabwana wa Ulaya. Mtu wa Kasongo alibeba mpini kichwani mpaka pwani, mwingine akakunja kisu.

Kisu cha kukunja chenyewe ni kitu cha zamani sana kule. Warumi walikuwa navyo, na vipande vyake vimechimbwa ardhini. Kinachotuhusu sisi ni wakati viwanda vilipoanza kuvifanya vingi na kwa bei ya maskini. Mwaka 1890, katika milima ya Savoie nchini Ufaransa, kijana mmoja aitwaye Joseph Opinel alitengeneza kisu cha mkulima: mpini wa mti, bapa la chuma cha kawaida, basi. Mwaka 1897 alivipanga kwa namba kulingana na ukubwa, na hata leo watu wanaviomba kwa namba. Pete ya kufunga bapa lisikuangukie vidoleni iliongezwa mwaka 1955. Huko Uswisi Karl Elsener aliwapa askari kisu chao mwaka 1891, chenye bapa, kifungua kopo, bisibisi na kitu cha kutobolea. Opinel kilikuwa cha kumenya kiazi na kukata mkate. Kile cha Uswisi kilikuwa cha kufungua kopo la chakula na kulegeza skurubu za bunduki. Vyote viwili vilikuwa vyombo vya mtu anayekaa mbali na jikoni lake: mchungaji, askari, mkata kuni. Mtu deplase, naona, angeingia katika orodha hiyo bila shida.

Tufike kwa Okapi sasa.

Mnyama kwanza. Stanley aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1890 kwamba Wambuti wa msitu wa Ituri walimwambia wanamjua mnyama anayefanana na punda, na kwamba wanamnasa katika mashimo. Hakumwona. Miaka kumi baadaye Harry Johnston, gavana wa Waingereza kule Uganda, alikutana na Wambuti waliokuwa wamechukuliwa kwa nguvu na Mjerumani mmoja aliyetaka kuwaonyesha watu Paris kwa kulipisha. Johnston aliwarudisha Kongo, na njiani wakamweleza habari za mnyama huyo. Kitu cha kwanza alichopata si mnyama wala ngozi nzima. Alipata vipande vya ngozi yenye mistari myeupe na myeusi, ambavyo vilikuwa vimekatwa na kufanywa mikanda. Wataalamu wa London walivitazama na kusema ni aina mpya ya punda milia. Baadaye Karl Eriksson, ofisa Msweden aliyefanya kazi katika serikali ya Leopold, akampa Johnston ngozi kamili na mafuvu, na mwaka 1901 ikajulikana kwamba ni ndugu wa twiga. Jina likabaki lile la watu wa msitu, okapi.

Magazeti ya Ulaya yalijaa habari hiyo. Mnyama mkubwa asiyejulikana, mwaka 1901! Wambuti walimjua na kumla tangu mababu, lakini hilo si jambo lililouza magazeti.

Mwaka mmoja tu baadaye, 1902, katika mji wa Solingen nchini Ujerumani, wakaanza kutengeneza kisu cha kukunja kwa ajili ya makoloni ya Wajerumani katika Afrika. Solingen ni mji wa visu kama Kasongo ulivyo mji wa mchele. Walihitaji jina ambalo linasikika Afrika, jina jipya, na jina lilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Wakakiita Okapi.

Angalieni jambo hilo vizuri. Okapi haishi katika nchi yoyote ambayo Wajerumani waliitawala. Haikuwa Tanganyika, haikuwa Kamerun, haikuwa Togo wala Namibia. Inaishi Kongo peke yake. Wajerumani walichukua jina la mnyama wa Kongo, lililotangazwa na Mwingereza, wakaliandika juu ya kisu cha kuwauzia watu wa Tanganyika. Sisi tuliokuwa na mnyama hatukuulizwa, na kwa biashara ya nyakati zile hilo halishangazi. Si wao peke yao walifanya hivyo. Mwaka 1929 kiwanda kimoja cha Thiers, Ufaransa, kilitoa kisu kiitwacho Douk-Douk, chenye picha ya zimwi la visiwa vya bahari ya Pasifiki, kwa kuwauzia watu wa visiwa hivyo. Soko lake kubwa likawa Afrika ya Kaskazini, ambako watu hawajui zimwi hilo ni nini. Ndivyo walivyofanya kazi: chukua bapa la bei nafuu, weka picha ya mbali, tuma kwa meli.

Njia ya kufika Kindu ilifunguka kwa reli. Mji wetu wenyewe ni mtoto wa reli. Kufikia 1911 treni ilikuwa imeunganisha Kindu na Kongolo. Mwaka 1914 Wajerumani walimaliza reli ya Dar es Salaam mpaka Kigoma, na mwaka 1915 Wabelgiji wakamaliza ile ya Kalemie mpaka Kabalo. Mwaka 1916 majeshi ya Kongo, pamoja na wabeba mizigo wengi waliotoka pande hizi, wakateka Kigoma na kisha Tabora. Baada ya vita ile mizigo ya Kongo ilishuka na kupanda kupitia Kigoma bila kizuizi. Sanduku lililoteremshwa Dar es Salaam liliweza kupanda treni, kuvuka ziwa, kupanda treni tena, kisha mashua na treni nyingine, mpaka hapa kwenye gati ya Kindu. Majembe, vitambaa, chumvi, taa na visu vilikuja hivyo. Na kisu cha kukunja kilipata wenyewe haraka: mtu wa reli, baharia wa mtoni, mpishi wa mzungu, mkata mawese. Mtu mwenye suruali yenye mfuko. Hilo nalo ni la kukumbuka. Kabla ya suruali kisu cha mfukoni kingekaa wapi?

Umbo la Okapi wengi wenu mnalijua. Mpini wa mti wa rangi ya kahawia, umepinda kidogo kama samaki, juu yake kuna nyota na miezi midogo ya bati. Msikilizaji mmoja alidhani nyota na mwezi ni alama ya Waislamu na kwamba kisu kinatoka Uarabuni. Hapana, ni mapambo ya kiwanda tu. Bapa ni la chuma cha kawaida, si chuma kisichopata kutu. Mgongoni kuna springi yenye tundu, na ndani ya tundu kuna pete. Ukifungua, meno ya bapa yanapita chini ya springi: kra, kra, kra. Likifika mwisho limefungwa, haliwezi kurudi mpaka uvute pete. Meno ya namna hii yalikuwa katika visu vya kukunja vya Hispania zamani, Wajerumani hawakuyabuni.

Sauti hiyo ndiyo iliyokiharibia jina. Kwa fundi, ile pete ni usalama wa vidole: bapa halijikunji wakati unakata kamba ngumu. Kwa mtu anayepita gizani, kra-kra-kra ni neno. Kule Jamaika, kisu hiki na ndugu zake waliitwa kwa sauti ya meno hayo, na kikawa kisu cha wahuni wa mjini katika nyimbo na filamu. Afrika ya Kusini ilikuwa hivyo hivyo: kisu cha mkulima na mchungaji mashambani, kisu cha magenge katika vitongoji. Tangu mwaka 1988 hakitengenezwi tena Ujerumani; kiwanda kiko Isithebe, katika KwaZulu-Natal. Kwa hiyo Okapi ya kweli leo ni kisu cha Kiafrika, kimetengenezwa na Waafrika, ingawa hakijarudi kwenye nchi ya mnyama wake ila kwa mikoba ya wafanyabiashara. Na vingi mnavyoviona hapa sokoni vina umbo la Okapi tu, vimetoka China. Ukiona kisu cha bei ya chini kabisa kimeandikwa "Solingen", usiamini. Sheria ya Ujerumani tangu 1938 inalinda jina hilo, lakini sheria hiyo haina askari katika soko letu.

Hapa kwetu hofu ya papa wa Kasuku ina mizizi yake, na si haki kuicheka. Wazee wa Kindu wanakumbuka 1964. Simba waliingia mji mwezi wa saba wakiwa na mikuki, mapanga, visu na dawa ya kugeuza risasi kuwa maji. Mwezi wa kumi na moja jeshi na mamluki wakaingia na kulikuwa na mauaji mengine. Mtoto aliyeona mambo hayo leo ni mzee wa miaka sabini, na akisikia chuma kinalia usiku hafikirii kamba za makaa. Kisha zikaja vita za tangu 1996 na 1998, treni ikanyamaza miaka, mji ukafungwa, na chumvi ikawa kama almasi. Watu wamejifunza kuogopa mgeni kabla ya kumsalimia. Naielewa hofu hiyo, lakini naona imeelekezwa mahali pabaya. Waliotufanyia mabaya makubwa walikuja na bunduki zinazoonekana, mchana, na wengi wao hawakuwa wageni.

Tuseme basi kazi za kisu katika familia iliyokimbia. Niliwauliza akina mama na vijana katika familia zinazopokelewa Mikelenge, na Alunguli ng'ambo ya mto. Kumenya mihogo na ndizi, hiyo kila mtu anajua. Kukata sombe kama hakuna kinu. Kupasua bahasha za plastiki na magunia ili kupata paa la mvua. Kukata mpira wa ndani wa baiskeli kuwa kamba. Bila kamba hiyo hakuna mzigo unaofika Kindu. Kutoboa tundu jipya katika mkanda wa mtu aliyekonda, hili nililiambiwa kwa kicheko, lakini sikucheka. Kurekebisha ndala. Kusafisha samaki. Kuchonga mti wa kuwekea chandarua. Baba mmoja alikata kucha za watoto wake wanne kwa kisu kimoja kwa mwezi mzima.

Kazi moja naikataa kabisa, na nawaomba mnisikie vizuri: kisu cha mfukoni kisikate kitovu cha mtoto. Hata kikiwa kimeoshwa. Mjifunguaji apelekwe kwenye kituo cha afya, na ikishindikana itumike wembe mpya ambao haujafunguliwa. Pepopunda ya watoto wachanga inaingia kwa njia hiyo, na chuma kilichokata kamba na samaki na udongo ndicho mlango wake.

Je, mtu achague kisu gani? Wengi wameniuliza kama kwamba mimi ni mwuza visu. Nasema ninachoona. Kwa familia, kisu kisicho na kelele ni bora kuliko Okapi yenye meno. Si kwa sababu Okapi ni mbaya, ni kwa sababu ya barieri. Kisu kidogo chenye mpini wa mti na pete ya kuzungusha, mfano wa kile cha Savoie, kinafanya kazi zote nilizotaja, na askari akikiona anafikiria mkate. Bapa lisizidi upana wa kiganja chako. Urefu zaidi hauongezi kazi, unaongeza maswali. Kabla ya kununua, fungua kisu na utikise bapa kushoto na kulia: likicheza, misumari ya mpini imelegea na siku moja litakukata. Kifunge na ukitazame mwangani, ncha isitokeze nje ya mpini, maana itatoboa mfuko, kisha paja. Vile vyenye vitu kumi, kijiko na uma na taa, vinavyong'aa kwenye meza za wauzaji pale sokoni, mimi sivipendi. Vinavunjika wiki ya pili na kijiko hakikati kitu.

Juu ya chuma kuna mabishano. Chuma kinachong'aa kisichopata kutu kinapendwa kwa macho, na karibu na mto wetu, katika mvua zetu, kina faida. Lakini cha bei ndogo hakishiki makali, utakinoa leo na kesho kitakuwa kama kijiko. Chuma cha kawaida, kile cha Okapi na cha visu vya zamani, kinageuka cheusi, kinapata kutu usipokifuta, ila kinanoleka juu ya jiwe lolote laini la mtoni na kinakata kweli. Mama wa Shabunda niliyemtaja ana kisu cha namna hiyo, bapa limekuwa jembamba kama jani kwa sababu ya miaka ya kunolewa. Anakifuta kila jioni kwa kitambaa chenye tone la mafuta. Msipake mawese mengi na kuacha, yanaganda na kunata kwenye kiungo, kisha vumbi linaingia na bapa linakataa kufunguka.

Na barierini? Vijana wa mizigo wamenifundisha desturi yao. Kisu hakikai mfukoni mwa suruali, kinakaa pamoja na pampu ya baiskeli na kamba, ndani ya mfuko wa vyombo, juu ya mzigo. Ukiulizwa unasema mapema, "Kiko kisu cha kazi hapa," kabla mkono wa askari haujakigusa. Unakitoa kikiwa kimekunjwa. Hukifungui mwenyewe hata ukiambiwa ueleze. Hiyo, ukiangalia, ni kurudia desturi ya wazee wa ala: kisu kionekane.

Jina Okapi limefanya mizunguko mingine pia. Tarehe 25 Februari 2002, nchi ikiwa imegawanyika na Kindu ikiwa upande wa waasi, redio moja ilianza kusikika, na ikaitwa Radio Okapi. Walichagua mnyama asiye na kabila wala chama, anayeishi Kongo tu. Kwa hiyo kuna vijana hapa ambao ukisema "okapi" wanafikiria kwanza habari za saa kumi na mbili, kisha kisu, na mwisho kabisa mnyama. Wengi hawajui kwamba mnyama yuko katika jimbo letu wenyewe: katika hifadhi ya Maiko iliyofanywa mwaka 1970, upande wa Lubutu, na katika hifadhi ya Lomami iliyofanywa mwaka 2016, magharibi ya mto. Anakingwa na sheria tangu 1933. Anatembea peke yake, hapigi kelele, na akisikia watu anahama.

Kuhusu visu vilivyoharibika, nimeuliza kwa niaba ya wasikilizaji. Wako wahunzi Alunguli, si mbali na mahali mitumbwi inapofika, wanaofua visu kutoka springi za magari ya zamani. Wanasema springi ya gari kuukuu inashika makali kuliko chuma chochote kinachokuja kwenye sanduku. Hawatengenezi vya kukunja, kiungo ni kazi ndogo isiyolipa, lakini wanabadilisha msumari wa mpini uliolegea na wanaweza kuchukua bapa la Okapi lililovunjika meno na kulifunga moja kwa moja katika mpini mpya wa mti, na ala ya ngozi wakikulipisha kidogo zaidi. Wanafanya kazi kuanzia asubuhi mpaka jua linapokuwa kali, siku zote isipokuwa Jumapili.